Umerudi kukaa kwa muda kwenye nyumba uliyokulia: LUKU, kufuli, mtungi wa gesi na kero ndogondogo (Ngamiani, Tanga)

Mleta uzi

Wakuu, habari za Jumapili.

Uzi huu ni kwa waliohama kwao miaka mingi, halafu shughuli ikawarudisha kukaa kwa muda kwenye nyumba ileile. Sisemi kuja Idi siku mbili, unaandaliwa pilau, unaaga. Nasema kukaa hasa: kununua umeme, kuchota maji, kusubiri bafu, kuulizia mlango wa mbele unafungwa saa ngapi.

Makazi yangu ni Dodoma. Mama alifanyiwa upasuaji wa nyonga hospitali ya Bombo, hapa Tanga, na sasa anatakiwa kurudi kliniki na kwenye mazoezi ya viungo mara kwa mara. Anaishi na mdogo wangu nje kidogo ya Korogwe, na mtu anayetembelea magongo huwezi kumpandisha na kumshusha kwenye basi kila wiki. Tukakubaliana tukae Ngamiani, kwenye nyumba ya marehemu baba, mpaka daktari amruhusu. Ipo kwenye zile barabara za namba, wenyeji mnaelewa. Ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi pale: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani kuna jiko, choo, bafu na banda la vyumba viwili. Vyumba vyote vya nyumba kubwa vina wapangaji. Banda ndilo tuliloliacha la familia, na lilifungwa tangu mama alipohama.

Ukisema unakwenda kukaa kwenu, kila mtu anakwambia una raha, hulipi kodi wala gesti. Mimi nataka tuzungumze yale yanayokula siku nzima.

La kwanza ni kufuli. Tanga hewa ya bahari haina urafiki na chuma. Ufunguo wetu uliingia vizuri, ila haukuzunguka. Kijana mpangaji, dereva wa bodaboda, alileta mafuta ya taa, akayadondoshea kwa bomba la sindano, akasubiri, akagonga taratibu kwa mpini wa nyundo. Wapi. Ikabidi aitwe fundi mwenye msumeno, na mama amekaa kwenye kiti cha plastiki uani, magongo mapajani, anatazama mlango wake ukikatwa. Mlango wa mbele nao una kitasa kipya. Wapangaji walichanga wakakibadilisha baada ya kuingiliwa na mwizi, na makubaliano yao ni kufunga saa nne usiku. Taratibu nzuri tu. Lakini hakuna aliyekuwa na ufunguo wa ziada wa kutupa, kwa hiyo nikichelewa duka la dawa nilikuwa nabisha hodi kwetu, nasubiri mtu aamke.

LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia, ndiyo iliyonichosha kuliko yote, na ndiyo nataka niieleze vizuri maana wengi itawakuta.

Banda lina mita yake, ile ya zamani ya ukutani yenye vitufe. Haikununuliwa umeme kwa muda mrefu. Sasa, tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Ilianza na shilingi 12,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda kuwa 18,000, yaani 1,500 kila mwezi. Usiponunua umeme kodi haisimami, inajikusanya. Siku unanunua, inakatwa ya miezi yote iliyopita. Kwa hiyo pesa yangu ya kwanza kwa sehemu kubwa ilikwenda kwenye kodi, yuniti zikaja chache. Kwa mtu aliyezoea kwamba elfu kumi inakuja na yuniti kama 28, unaweza kudhani wakala amekosea. Hajakosea.

Kisha namba zenyewe. Badala ya tarakimu 20 zikaja makundi matatu ya tarakimu 20. Wengi wenu mlishapitia hili mwaka 2024, yale maboresho ya mita yaliyokuwa na mwisho wa tarehe 24 Novemba. Sisi banda lilikuwa limefungwa, kwa hiyo mita ilikuwa bado ya mfumo wa zamani. Kundi la kwanza na la pili ni za kubadilisha mita, la tatu ndilo lenye umeme, na lazima uingize kwa mpangilio huo. Kitufe cha 5 kwenye mita yetu kimezama ndani. Kidole hakifiki, ni mpaka ukisukume kwa ncha ya kalamu ya wino, na ukikisukuma sana kinaingiza 55. Kisha ufute, uanze kundi upya. Mpangaji mmoja alinishikia tochi ya simu, mwingine ananisomea namba nne nne. Nawashukuru sana, hawakuwa na ulazima.

Wakati tunafanya hivyo ndipo mpangaji wa chumba cha mbele akaniambia kwa upole kabisa: "Kaka, sisi mita yetu nayo inakatwa hiyo kodi kila mwezi, tangu tumehamia. Mama tulimheshimu, hatukutaka kumsumbua."

Hapo nilikaa kimya. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji akikatwa kwenye LUKU anatakiwa arudishiwe au ipunguzwe kwenye pango lake. Ni pesa ndogo, lakini ni pesa yake. Tena inaonekana nyumba yetu moja inakatwa kwenye mita mbili, jambo la kwenda kuuliza.

Maji nisiseme mengi. Tanga kwa maji imejaliwa, chanzo ni mto Zigi na bwawa la Mabayani, na mtu wa Dodoma kama mimi akifungua koki asubuhi ikatoka anashukuru Mungu.  Shida yetu ni ya ndani ya ua: koki ni moja, ina kufuli, na ufunguo wake unakaa kwa mama mmoja anayetoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda Mgandini sokoni. Asiyejaza ndoo kabla hajaondoka, asubiri adhuhuri. Ankara bado inakuja kwa jina la baba, na wanachanga kwa idadi ya vichwa. Sisi tuliokuja kwa muda tunahesabiwa vipi? Nimesema tulipe kama wengine.

Sasa jiko. Hili linaniuma zaidi.

Kuna mama mpangaji anayepika vitumbua vya kuuza. Anaamka saa tisa usiku, anawasha majiko ya mkaa, mpaka saa nne asubuhi jiko zima ni lake. Mama yangu amepika kwenye jiko lile tangu aolewe. Asubuhi ya kwanza alisimama mlangoni na magongo yake akasema, "Mwanangu, ukimaliza naomba nafasi nichemshe maji." Yule mama akaruka: "Mama, jiko lako hili, karibu!" Alimaanisha, na nafasi hakuwa nayo. Karai linachemka, wateja wamesimama nje na vyombo.

Mbuzi ya kukunia nazi ni ya mama yangu, alikuja nayo kutoka Pangani. Alipohama hakuichukua. Mama wa vitumbua anaitumia kila siku. Ulimi wake umenolewa mpaka umebaki mwembamba kama kijiko cha chai, na mguu mmoja umefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mama aliikagua, akakaa juu yake kwa shida, akakuna nazi yake moja ya mchuzi wa samaki. Alipomaliza aliifuta vizuri, akanipa niitundike. Nilitaka kuitundika pale ilipokuwa ikikaa zamani. Akaninyooshea kidole kwenye msumari wa yule mama.

Nikaenda kutafuta gesi ili mama asisubiri foleni ya mkaa. Bandani kulikuwa na mtungi mdogo mtupu. Duka la karibu halibadilishani mitungi ya kampuni ile, na rigeta waliyonayo haishiki kwenye kichwa cha mtungi wetu. Nikaufunga kwenye baiskeli ya kuazima, nikazunguka Ngamiani yote mpaka Makorora. Mkijua mnakuja kukaa mahali, ulizeni kwanza maduka ya mtaa yanauza gesi ipi. Mtungi wa kampuni isiyokuwepo ni chuma tu.

Nitaendelea, naitwa kumpeleka mama mazoezi.

Mchangiaji, Mwanza

Pole kwa mama, Mungu amponye. Ila mkuu, na mimi niseme ukweli wangu. Wapangaji wakikaa sana wanajiona wao ndio wenye nyumba. Ufunguo wa koki kwao, jiko kwao, mlango wa mbele wanaamua wao ufungwe saa ngapi. Mama mgonjwa anaomba nafasi ya kuchemsha maji kwenye jiko alilojenga mume wake! Mpe notisi mmoja wa chumba cha mbele, mama akae kwa nafasi. Hiyo nyumba ni yenu.

Mleta uzi

Mkuu wa Mwanza, ahsante kwa dua. Kwenye notisi hatutaelewana.

Yule mama wa vitumbua alilipa pango lake la miezi sita, na tulipompangisha tulimwambia jiko la uani linatumika na wote. Hakuna aliyemwambia kwamba siku moja tutarudi na mgonjwa. Mlango walibadilisha kitasa kwa pesa yao kwa sababu sisi tulikuwa mbali, na mwizi hakusubiri kikao cha familia. Koki waliifunga kwa sababu watu wa nje walikuwa wanaingia uani kuchota na ankara inapanda. Kila jambo nililolilalamikia hapo juu, ukiuliza chanzo chake, unakuta palikuwa na kazi ya mwenye nyumba ambayo hakuna aliyeifanya, wao wakaifanya.

Nyumba ya familia ambayo baba amefariki na mirathi haijafunguliwa inakaa hivi. Kila mtoto anasema "nyumba yetu" akiwa mjini kwake, na hakuna anayejua ufunguo wa koki uko wapi. Pango linatumwa kwa mama, tunashukuru, basi. Kero zinazonikuta mimi kwa wiki hizi chache wao wanaishi nazo mwaka mzima.

Niongeze la barua ya mtaa, ambalo sikulifikia hapo juu. Nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa kuomba barua ya utambulisho. Mwenyekiti ni wa uchaguzi wa Novemba 2024, kijana mwenye adabu, alinipa shikamoo ingawa hatujaachana sana kiumri. Akauliza, "Mjumbe wako nani? Nani anakutambua hapa?" Nimezaliwa barabara ileile. Nilitaja majina ya wazee, wengi wameshatangulia mbele za haki, wengine wamehamia kwa watoto wao Dar. Aliyekuja kunitambua ni mama wa vitumbua. Alifunga aproni yake kiunoni, akaja, akasema, "Huyu ni mtoto wa bi mkubwa mwenye nyumba, namjua." Barua nikaipata siku hiyohiyo. Sasa nimpe notisi?

Mchangiaji, Mombasa

Pole sana ndugu yangu, na mama apate afueni upesi. Nimesoma nikajiona. Mwaka jana nilikaa kwa nyanya Majengo nikishughulikia kitambulisho, mambo ni yaleyale. Hata hizo tokeni za kubadilisha mita zilitupata huku Kenya, mwisho ulikuwa Novemba hiyohiyo ya 2024, mita zote za aina hiyo duniani zilitakiwa. Nyanya alidhani ni watu wa utapeli, akakataa kuingiza, akakaa gizani mpaka nikafika.

Kuhusu wapangaji wanaotumia mita moja ya umeme kwa kuchanga, sisi tuliweka kimita kidogo kwa kila chumba, fundi wa mtaani anafunga. Mita kuu inabaki moja, kila mtu anasoma chake. Ugomvi ulipungua sana. Kuna anayetumia pasi kila asubuhi na kuna anayewasha taa moja, huwezi kuwagawia sawa.

Na hiyo mbuzi, tafadhali usimwambie mama anunue mpya.

Mchangiaji, Tanga mjini

Mleta uzi, mimi ni jirani wa barabara za juu, sitaji namba. Taka umesahau. Wanaokaa kwa muda huwa hawajui siku ya mkokoteni, wanaweka mifuko nje, kunguru wanafumua, mtaa mzima unachafuka. Uliza siku, lipa ada yako, mfuko utoe asubuhi.

Mleta uzi

Jirani, ni kweli, na nimeshauliza.

Ndugu wa Mombasa, wazo la vimita nimelipeleka kwa wapangaji jana jioni baada ya swala ya Isha, tulikaa ukumbini wote. Wamelipenda, ila wakataka kwanza lile la kodi ya jengo limalizwe. Wako sahihi. Tumekubaliana hivi: kila aliyekuwa akinunua umeme atafute jumbe zake za LUKU, tujumlishe kilichokatwa, kitoke kwenye pango lijalo. Mdogo wangu kwa simu alilalamika kidogo kwamba tunajipunguzia. Nikamwambia tunarudisha, hatujipunguzii. Mama aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka akadakia, "Warudishiwe, tusile pesa ya watu." Ikaisha.

Ufunguo wa koki umechongwa nakala, mmoja unatundikwa ukumbini juu ya mita. Wa mlango wa mbele vilevile. Fundi alitoza kidogo kuliko nilivyotegemea. Jambo lililosumbua miezi mingi lilimalizwa kwa nauli ya bajaji na kusubiri nusu saa.

Jikoni mama wa vitumbua amesogeza jiko lake moja, ikapatikana kona ya gesi yetu. Mama sasa anaamka mapema kwa hiari yake, anakaa pale kwenye kiti, anamwambia unga umelegea au haujalegea. Hakuombwa ushauri. Yule mama anacheka, anaongeza unga. Mimi nina wasiwasi na moshi kwa kifua cha mama, nimemwambia akae upande wa mlango, hasikii.

Bafu bado. Watu ni wengi, bafu ni moja, na mgonjwa anahitaji muda na mtu wa kumshika. Ukiingia saa kumi na moja alfajiri una nafasi, ukichelewa unakuta watoto wa shule wamejipanga na ndoo zao. Nimefunga bomba la chuma ukutani la kushikilia, na kiti cha plastiki kimekatwa miguu kidogo kisitikisike. Yeyote mwenye mzazi mwenye tatizo la nyonga afanye hivyo kabla ya mengine yote, sakafu za bafu zetu za uani zinateleza vibaya.

Mchangiaji, Morogoro

Mkuu, mimi nilisimamia mirathi ya baba yetu, nikuelekeze kwa ufupi. Kama mnafuata sheria ya Kiislamu au ya kimila, mahakama ya mwanzo inatosha. Kaeni kikao cha familia, andikeni muhtasari, wote wasaini, mpendekeze msimamizi. Chukua muhtasari, cheti cha kifo na barua ya mtaa. Ukishateuliwa unakusanya mali, unalipa madeni, unagawa; ndani ya miezi minne unarudisha mahakamani orodha ya mali na madeni kwenye fomu namba 5, na hesabu kwenye fomu namba 6 kwa muda mahakama itakaoupanga. Wengi wanachukua barua ya usimamizi wakaiweka kabatini miaka na miaka. Usifanye hivyo. Na msimamizi si mrithi wa kila kitu, waeleweshe ndugu mapema.

Mleta uzi

Ahsante sana mkuu wa Morogoro, hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Cheti cha kifo kipo, mama alikihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na hati ya nyumba. Barua ya mtaa ninayo. Ndugu watatu wako Dar, mmoja yuko Arusha, tunapanga wakutane hapa mwisho wa mwezi kabla mimi sijarudi Dodoma. Nimewaambia waje na shuka zao, banda halina vitanda vya kutosha.

Naomba mnisaidie mawili. Kwanza, kuna aliyewahi kuondolewa kodi ya jengo kwenye mita ya pili ya nyumba moja? Alikwenda dirisha gani, na alibeba nini? Pili, nahitaji fundi wa Tanga mjini anayeweza kutoa kitufe cha 5 kwenye mita ya zamani bila kuvunja lakiri, au mnieleze utaratibu wa kuomba mita ibadilishwe wakati jina lililopo ni la marehemu. Yuniti zinakaribia kuisha na mama hapendi kulala gizani.